Subjuntivo ikikataa: dalili, chanzo na marekebisho kwa msemaji wa Kiswahili

Mwongozo huu ni wa mtu anayejifunza Kihispania, ambaye tayari anasema hablo, como na vivo (naongea, nakula, naishi) bila kusita, lakini amefika kwenye presente de subjuntivo, yaani umbo la kitenzi linalofanana na "asome" yetu, na mambo yanakataa. Huenda unawapokea watalii kutoka Madrid pale uwanja wa ndege wa JKIA, unakaa mapokezi ya hoteli Westlands, au unajiandaa kwa mtihani wa Kihispania wa DELE wa kiwango cha B1, ambako umbo hili huanza kudaiwa. Hatutarudia somo zima. Tutakwenda dalili kwa dalili: unachosema, kwa nini kinatoka kombo, na cha kubadilisha.

Msemaji wa Kiswahili haanzi na sifuri hapa. Unaposema "nataka asome" badala ya "nataka anasoma", umeshatumia umbo la jamii hiyohiyo: kitendo hakitangazwi kwamba kinatokea, bali kinatakiwa, kinaombwa au kinaagizwa. Kwa hiyo makosa yetu yana sura yake. Tunakosea pale ambapo Kiswahili kinatupa ruhusa ya kupita moja kwa moja ilhali Kihispania kimekata kona. Ukizijua kona hizo, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

## Hakikisha kwanza umbo lenyewe ni zima

Kabla ya kutafuta hitilafu kwingine, linganisha ulichoandika na haya:

hablar: hable, hables, hable, hablemos, habléis, hablen
comer: coma, comas, coma, comamos, comáis, coman
vivir: viva, vivas, viva, vivamos, viváis, vivan

Mpangilio ni mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao. Usted ya heshima inachukua umbo la "yeye", na ustedes inachukua umbo la "wao". Umbo la tano, lenye -is, ni la vosotros, linalotumika Hispania. Mmeksiko au Mkolombia atasema ustedes kwa watu wote.

Namna ya kulijenga: chukua umbo la "mimi" la wakati uliopo (hablo, como, vivo). Ondoa -o. Kama kitenzi kwenye kamusi kinaishia -ar, weka e. Kama kinaishia -er au -ir, weka a. Kisha ongeza alama ya nafsi: hakuna kitu, -s, hakuna kitu, -mos, -is, -n. Usianzie kwenye umbo la kamusi ukikata -ar juujuu. Kwa vitenzi vinavyofuata kanuni matokeo ni yaleyale, lakini mazoea ya kuanzia umbo la "mimi" yatakuokoa baadaye utakapokutana na tengo, salgo na conozco.

## Unasema "quiero que ella come"

Hili ndilo kosa mama. Sikio la Mswahili limezoea kwamba -a ikigeuka -e kazi imekwisha: soma, asome, pika, apike, lipa, alipe. Ukikutana na hablar mambo yananyooka kabisa: habla, hable. Moyo unatulia. Kisha unafika kwa comer, unatafuta ile -e ya kawaida, na kumbe come ina -e tayari. Unaiacha ilivyo. Ulichosema ni "nataka yeye anakula".

Kwa Kihispania, -e haina maana ya kudumu. Katika familia ya -ar, -e ndiyo subjuntivo. Katika familia za -er na -ir, -e ni taarifa ya kawaida (come, vive), na subjuntivo ni -a (coma, viva). Ni irabu mbili zinazobadilishana viti, na kiti cha kila moja kinategemea familia ya kitenzi.

Marekebisho yako kwenye daftari lako. Usiandike kitenzi kipya kama ulivyokisikia mtaani au kwenye simu ("vende, kuuza"). Kiandike kwa umbo la kamusi, vender. Aliyeandika vende hana namna ya kujua kama ni vendar au vender, na atabahatisha maisha yake yote. Halafu, kabla hujafungua mdomo, jiulize swali moja tu: ni -ar? Ikiwa ndiyo, e. Ikiwa siyo, a. Zoezi linalosaidia ni kutaja jozi, si orodha ndefu: habla/hable, come/coma, paga/pague, abre/abra, llama/llame, lee/lea. Jozi ishirini kwa siku, kwa sauti, zinatosha kwa safari ya matatu kutoka Kencom hadi Ngong Road.

Jambo jingine dogo linaingia hapa. Kiswahili kina vitenzi vyenye asili ya Kiarabu ambavyo havibadiliki mwisho: ajibu, asamehe, afikiri. Ukiwa umezoea kwamba vingine hubaki jinsi vilivyo, utaona ni sawa tu kuacha come bila kuigusa. Miongoni mwa vitenzi vya Kihispania vinavyofuata kanuni, hakuna hata kimoja kinachoachwa hivyo. Irabu lazima igeuke.

## Umbo la "sisi" linachanganya

"Es importante que vivimos en paz." Mwandishi alijua familia, alijua kanuni, bado akakosea, kwa sababu -ir ina i ya kwake kwenye vivimos na hiyo i ni ngumu kuachilia. Kwenye subjuntivo -er na -ir zinakuwa kitu kimoja: comamos, vivamos. Ile i inapotea kabisa.

Msikilizaji pia hupata shida yake. Hablamos ni taarifa, comamos ni subjuntivo, na zote zinaishia -amos. Comemos ni taarifa, hablemos ni subjuntivo, na zote zinaishia -emos. Ukisikiliza mwisho peke yake utapotea. Sikiliza mzizi kwanza, kumbuka familia yake, ndipo uamue.

## Msikilizaji anauliza "¿quién?"

Umesema "es posible que llegue tarde" na umeulizwa nani. Kwa Kiswahili swali hilo haliwezi kuzuka, maana nichelewe na achelewe vinatofautiana mwanzoni mwa neno. Kwa Kihispania nafsi iko mwishoni, na kwenye subjuntivo umbo la "mimi" na la "yeye" ni moja, pamoja na usted. Kwenye taarifa ya kawaida hukuwa na tatizo hili: llego na llega.

Taja mhusika pale tu ambapo mazungumzo hayajamtaja: "es posible que yo llegue tarde", "que el chófer llegue tarde". Ukiweka yo kila mahali utasikika kama mtu anayejipigia debe.

## Neno "que" limepotea

"Quiero ella estudie." Kiswahili hakihitaji kiungo hapo, "nataka asome" imejitosheleza. Kihispania kinahitaji que kila mara, bila msamaha: quiero que estudie, prefiero que pague, necesito que me llames.

Kuna sura nyingine ya kosa hili ambayo Nairobi tunaisikia hata zaidi: "quiero ella estudiar". Hapo Kiswahili hakina hatia. Mpangilio huo umetoka kwenye Kiingereza cha shuleni. Ukijikuta unauandika, rudi kwenye Kiswahili kwa makusudi. Sema "nataka asome" kichwani, kisha ingiza que mahali pa pumzi ndogo kati ya maneno hayo mawili.

Kukanusha ni kwepesi. Ile -si- ya "asisome" inakuwa no mbele ya kitenzi: "prefiero que no lea". Kikikanushwa kitenzi cha kwanza, kama "sitaki asome", unasema "no quiero que lea".

## Umeweka subjuntivo na mhusika ni mmoja

"Quiero que pague la cuenta", na mhudumu anakutazama akisubiri ujue nani alipe. Ulitaka kusema unataka kulipa wewe mwenyewe.

Kiswahili kinaruhusu njia mbili: "nataka kulipa" na "nataka nilipe". Zote tunazitumia kutwa. Kihispania kinaruhusu moja. Mhusika akiwa mmoja pande zote mbili, tumia umbo la kamusi bila que: quiero pagar. Wakiwa wawili tofauti, ndipo que na subjuntivo zinaingia: quiero que usted pague.

Vilevile kwa "ili". Unaweza kusema "nasoma ili nielewe", mtu mmoja pande zote, na hakuna atakayekusahihisha. Kwa Kihispania ni "leo para comprender". Subjuntivo inakuja watu wakitofautiana: "hablo despacio para que comprendan", naongea polepole ili waelewe. Jaribio ni hili: kama sentensi yako ya Kiswahili inaweza kugeuzwa kuwa na ku- bila kubadilisha maana (ili kuelewa, nataka kulipa), basi kwa Kihispania ku- ndiyo njia pekee.

## Kiswahili hakikukuonya

Hapa ndipo wanafunzi wazuri huangukia, kwa sababu umbo wanalijua na bado hawajui kwamba lilihitajika. Kiswahili kimetumia -na-, -ta-, -ki- au -ye-, hakuna -e popote, kwa hiyo hakuna kengele iliyolia.

Anza na -ki-. "Ukifika Kencom, nipigie." Sentensi hiyo inaweza kumaanisha mambo mawili, na Kihispania kinayatenganisha. Ikiwa una hakika mtu atafika, ni suala la muda tu: "Cuando llegues a Kencom, llámame." Ikiwa huna hakika kama atafika: "Si llegas a Kencom, llámame." Ona kwamba baada ya si kuna llegas ya kawaida. Kosa la "si llegues" ni la kwetu kabisa, linazaliwa na -ki- moja kubeba kazi mbili. Baada ya si yenye maana ya "iwapo", presente de subjuntivo haiingii kamwe.

Namna ya kupima: jaribu kuweka -takapo- mahali pa -ki-. "Utakapofika Kencom, nipigie" inakubali bila kubadilisha maana? Basi ni cuando na subjuntivo. Inakubali "iwapo utafika" kwa urahisi zaidi? Basi ni si na umbo la kawaida. Na kama ni mazoea, yaani unaweza kuweka "kila" au hu-, kama "nikifika kazini hunywa chai", basi ni cuando na umbo la kawaida: "cuando llego al trabajo, tomo té". Kipimo hicho cha -takapo- kinafanya kazi vizuri kuliko maelezo mengi ya vitabu, kwa sababu Kiswahili kinaweka alama wazi ya jambo lijalo ambalo bado halijafika.

Kisha "kabla". Tunasema "kabla hajafika", na ndani yake kuna kikanushi ha-. Mwanafunzi mwaminifu anakitafsiri: "antes de que no llegue". Toa hiyo no. Kihispania kinasema "antes de que llegue". Kama mhusika ni mmoja, "kabla ya kuingia", ni "antes de entrar".

"Sidhani kama anaishi Buruburu." Mambo mawili ya kushughulikia. Kwanza, "kama" hiyo haigeuki kuwa si ya Kihispania, inakuwa que. Pili, baada ya no creo kitenzi kinageuka: "no creo que viva en Buruburu". Ukiondoa ukanushi kinarudi kuwa cha kawaida: "creo que vive en Buruburu". Kiswahili kimeweka -na- pande zote mbili, kwa hiyo hakikusaidii kitu. Jiulize kama msemaji anathibitisha jambo. Anayesema creo que anathibitisha, hata kama ni kwa sauti ndogo. Anayesema no creo que hathibitishi.

"Natumaini ataelewa." Ile -ta- inakuvuta kwenye wakati ujao. Zoea "espero que comprenda". Hakuna umbo la subjuntivo la wakati ujao katika mazungumzo ya leo. La sasa linabeba kazi zote mbili.

"Nimefurahi kwamba unaishi Nairobi." Hili ndilo linalowatatiza watu zaidi, kwa kuwa mtu huyo anaishi Nairobi kweli, hakuna shaka wala ombi. Hata hivyo: "me alegra que vivas en Nairobi". Sababu ni kwamba sentensi haikuja kumjulisha mtu anaishi wapi, hilo linajulikana. Imekuja kusema unavyohisi kulihusu. Kihispania kikitoa hisia au maoni juu ya jambo, jambo lenyewe linaingia kwenye subjuntivo. Ndivyo ilivyo kwa "es una lástima que no bailes" na "me molesta que fumen aquí". Lakini "es verdad que vive aquí" inabaki kawaida, kwa kuwa hiyo ni kuthibitisha.

Halafu kuna -ye-. "Natafuta dereva anayezungumza Kihispania." Ikiwa hujui kama yupo, unataka yeyote mwenye sifa hiyo: "busco un chófer que hable español". Ikiwa ni dereva yule unayemjua na humwoni tu: "busco al chófer que habla español". Na ukikana kuwepo kwake: "no hay nadie que hable español". Mtu anayepanga safari kwa simu akikosea hapa anaweza kusababisha mtafaruku, maana mwenzake ataanza kuuliza dereva gani huyo.

Maneno ya "huenda" na "labda" hayana ugumu mkubwa: quizás inakubali maumbo yote mawili, a lo mejor inachukua la kawaida tu. Ojalá inachukua subjuntivo siku zote, na inafaa kuipenda, kwa sababu asili yake ni Kiarabu na ndani yake mna jina la Mungu, kama ilivyo kwa inshallah yetu. "Ojalá no suba el pasaje": Mungu aepushe nauli isipande.

## Kiswahili kimekuonya bure

Kona hizi ni chache, lakini ni za kila siku. Ukitaka ruhusa unasema "nifungue dirisha?" Kihispania kinauliza kwa umbo la kawaida: "¿abro la ventana?" Subjuntivo inaingia ukianza na kutaka kwa mwenzako: "¿quiere que abra la ventana?"

"Sijui nifanye nini" ni "no sé qué hacer". "Nenda ukale" ni "ve a comer". Zote mbili zina -e au sura yake kwa Kiswahili, na zote mbili zinataka umbo la kamusi.

"Lazima" nayo iangalie vizuri. "Lazima aishi hapa", kwa maana ya sharti, ni "es necesario que viva aquí". "Lazima anaishi hapa", kwa maana ya kukisia kutokana na viatu vilivyo mlangoni, ni "debe de vivir aquí". Kiswahili chenyewe kimekwisha kukutofautishia. Sikiliza tu kama umeweka -na- au hukuiweka.

Na "mwambie" inaenda sambamba kabisa. "Mwambie apige simu" ni "dile que llame". "Mwambie anapiga simu" ni "dile que llama". Hapo fuata Kiswahili bila hofu.

## Amri na makatazo kwa wageni

Kwa mwongoza watalii hii ndiyo sehemu ya kulipwa. Kiswahili: "sema!" lakini "usiseme!" Kihispania: "¡habla!" lakini "¡no hables!" Lugha zote mbili zinabadilisha kiishio mara katazo linapoingia. Ukiongea na usted au ustedes, subjuntivo inashika pande zote, amri na katazo: hable, no hable, esperen, no esperen.

Ndani ya mbuga ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946 na ambamo wageni hawaruhusiwi kushuka garini ila mahali palipotengwa, haya ndiyo utayahitaji: "No bajen del coche." "No saquen los brazos por la ventanilla." "No griten." "No tiren comida." "Miren a la derecha." Kwa kundi la Wahispania wanaoitana vosotros, makatazo yanakuwa no bajéis, no saquéis, no gritéis, lakini hakuna atakayekasirika ukiwaita ustedes. Kosa la kuepuka ni "no bajan": hiyo ni taarifa kwamba hawashuki, na mtu aliyeshika mlango ataendelea kuufungua.

Kiwakilishi cha kitendwa: kwenye katazo kinatangulia, kama Kiswahili kinavyokiweka kabla ya mzizi. Usikiguse, no lo toque. Kwenye amri kinaruka mwishoni na kuunganishwa: tóquelo, ábralo, llámeme.

## Umeandika "busce", "llege" au "recoga"

Kitenzi kinafuata kanuni. Tahajia ndiyo inayolinda sauti. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo hatuna mazoea ya kuuliza herufi hii itasikikaje jirani yake akibadilika. Kihispania kinakulazimisha kuuliza, kwa sababu c na g hubadilika sauti zikikutana na e au i.

Buscar ina sauti ya k. Ukiandika busce, Mmeksiko atasoma "busse". Ili k ibaki, andika qu: busque, saque, toque, explique. Llegar na pagar zina g kavu kama ya "gari". Mbele ya e inahitaji u ya kuilinda: llegue, pague. U hiyo haitamkwi. Pague ni silabi mbili, si tatu. Averiguar ina u inayosikika, kwa hiyo inapata vitone viwili: averigüe. Cruzar inageuza z kuwa c: cruce, kwa sababu Kihispania hakipendi ze.

Upande wa -er na -ir hali inapinduka. Recoger na dirigir zina sauti ya kh, kama ya "Khamis". Mbele ya a, g ingekuwa kavu, basi andika j: recoja, dirija, escoja. Distinguir inaitupa u isiyohitajika tena: distinga. Vencer inakuwa venza. Kwa wale wa kuanzia "mimi", hizi tatu za mwisho hazina kazi mpya, maana recojo, distingo na venzo zilishabadilika. Za -ar ndizo zinazohitaji uangalifu, kwa kuwa busco na llego hazikukuonyesha chochote.

Badiliko hilo linadumu katika nafsi zote sita. Mara nyingi tunaona pague imeandikwa vizuri, kisha "pagemos" mstari unaofuata.

## Umeandika sawa, lakini hawakuelewi

Angalia shadda. Kiswahili kinaiweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, na kwa hable, hablemos na hablen unapata bahati: ndipo inapotakiwa. Lakini hablé yenye alama ni "niliongea". Anayetamka pague na pagué kwa namna moja amefuta tofauti kati ya "alipe" na "nililipa". Habléis, comáis na viváis pia zinabana mwisho.

Vitenzi vya -iar vinahitaji sikio la karibu. Sisi tunasema a-tu-mi-e, kila irabu na silabi yake, shadda kwenye mi. Tukikutana na estudie tunatamka es-tu-DI-e. Sahihi ni es-TU-die: ie inamezwa pamoja kama silabi moja. Cambie ni CAM-bie, limpie ni LIM-pie. Ila enviar inakataa kumeza, na inaonyesha kwa alama: envíe, en-VÍ-e.

H ya hable haisikiki hata kidogo, si kama ya "habari". Kwa hiyo habla na abra zinatofautishwa na l na r peke yake. Kwa waliokulia lugha zisizotenganisha sauti hizo mbili, "quiero que abra" inaweza kumfikia msikilizaji kama "quiero que habla": afungue imegeuka anaongea. Fanya zoezi la jozi hizo polepole mbele ya kioo, ulimi ukigusa ufizi na kukaa kwa l, ukigusa na kuachia papo hapo kwa r.

## Umefuata yote, na kitenzi bado si sawa

Basi si cha kanuni. Sita havitokani na umbo la "mimi" na lazima vikaririwe: dé, esté, haya, vaya, sepa, sea. Vingine, kama pensar na dormir, vinageuza irabu ya mzizi: piense, duerma, ila sisi ni pensemos na durmamos. Vitenge ukurasa wake kwenye daftari, usivichanganye na hivi.

## Ujumbe mmoja, hitilafu saba

Huu ni ujumbe wa WhatsApp wa aina inayotumwa kwa wageni usiku kabla ya safari:

"Quiero ustedes esperan en el hotel. Cuando llego, bajan con los pasaportes. No creo que llegemos tarde, pero antes de que no entremos en el parque es necesario que pagan."

Que imekosekana baada ya quiero, na esperan imebaki taarifa: quiero que esperen. Cuando llego ni ya mazoea. Hapa "nitakapofika" inakubali, kwa hiyo cuando llegue, na nafsi inaeleweka kwa kuwa mwandishi ndiye anayewafuata. Bajan ilikusudiwa kuwa amri ya heshima: bajen. Llegemos imepoteza u yake: lleguemos. No baada ya antes de que imetoka kwenye "hatujaingia", iondoke. Pagan inatakiwa igeuke na kupata u: paguen.

Limebaki la adabu. "Quiero que esperen" ni sahihi kisarufi, lakini mgeni analisikia kama "nataka mngoje". Ukitaka "naomba mngoje", badilisha kitenzi cha kwanza na uache subjuntivo palepale:

"Les pido que esperen en el hotel. Cuando llegue, bajen con los pasaportes, por favor. No creo que lleguemos tarde, pero antes de que entremos en el parque es necesario que paguen."